Stuli ya Nne

Dada yangu mpendwa,

Huku hatujambo, sijui wewe. Jikoni kumebadilika. Baba ameiondoa ile meza kubwa iliyokuwa ikitubana, na fundi seremala ametuwekea nyembamba ya ukutani, chini ya dirisha. Alitupima mmoja mmoja kutoka goti hadi sakafuni, ili kila mtu apate stuli ya urefu wake. Mimi niliona haya mpaka nikawa nacheka ovyo.

Jumamosi akaleta stuli nne.

"Fundi, sisi tuko watatu," Baba akasema.

"Mzee, usinichanganye. Na yule binti mkubwa je? Nilimpima mwisho, pale mlangoni. Huyu mdogo ana haya, lakini dada yake kazidi, hata kukohoa hakukohoa!"

Hakuna aliyecheka. Mama aliichukua ile stuli, akaiweka karibu na dirisha, na tangu siku hiyo anakupakulia chakula.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Juzi niliikalia. Miguu yangu haikufika chini. Yako ingefika sawasawa. Na ubao ulikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Mama ameanza tena kuimba akipika. Anasema umerudi. Nakupenda, Dada, lakini sitaki uwe umerudi hivyo. Miezi saba hujaandika, na simu yako haiiti. Tafadhali nijibu, hata mstari mmoja, uniambie kwamba bado uko mbali.

Ni mimi,
mdogo wako