Mkanda Niliouvua Saa Saba Mchana

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nane, na huku kwetu Kanyosha njia imekuwa matope matupu. Mume wangu yuko sebuleni, amezima redio. Naandika nikiwa chumbani, kabla sijabadili nia.

Juzi nilimeza kamera.

Ni ndogo, kama kidonge kinene. Kwa miezi mingi damu yangu imekuwa ikipungua, na nimeongezewa mara mbili. Hospitalini walipitisha mpira wenye kamera mdomoni, wakapitisha mwingine kwa chini, hawakuona kitu. Daktari akasema imebaki sehemu ya katikati, utumbo mwembamba, ambako mipira ile haifiki. Kidonge kingeteremka chenyewe, kikipiga picha na kuzirusha bila waya hadi kwenye mkanda kiunoni mwangu. Nikae nao saa nane, kisha niurudishe. Kidonge kingetoka chooni kwa wakati wake.

Aliyenifunga mkanda ni muuguzi mmoja kijana, Nadine. Mume wangu alikuwa amesimama karibu mno. Kazi yake ni kutengeneza simu na redio, kwa hiyo nilijua atauliza.

"Hii signali inafika wapi?"

"Haiendi mbali, papa. Inapita mu mwili, inaishia kwenye mukanda."

"Na simu haiwezi kuikamata?"

"Apana."

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Mtu anayejua mambo ya mawimbi anauliza swali kama hilo kwa nini?

Tulipofika nyumbani nikamwona anasogeza simu yake karibu na kiuno changu, anatazama taa ndogo ya mkanda, anatazama simu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Naangalia tu kama inatembea." Kisha akaenda kazini, na simu yake mfukoni.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Nilikuwa na sababu ya kuogopa.

Tangu nilipoanguka na pikipiki, mgongo haujanipa amani. Ofisini nakaa kwenye kiti siku nzima. Nikaanza vidonge vya maumivu, kimoja, halafu viwili, halafu vitatu kwa siku, mara nyingi kabla sijala kitu. Mume wangu alivikuta akavitupa, na mbele ya wifi yangu nikaahidi kuacha. Sikuacha. Nilijifunza tu kuvificha, na sakoshi, mkoba wangu wa mkononi, sikuiacha tena wazi.

Juzi, kufika saa saba mchana, mgongo ulikuwa unawaka. Nikameza kimoja. Halafu nikashikwa na woga: kamera iko ndani, itakiona kidonge cha maumivu kinashuka, picha itaruka hadi kwenye mkanda, na kutoka kwenye mkanda nani ajuaye itafika kwa nani. Nikavua mkanda. Nikaufunika kwa vitenge kabatini, nikatoka uani kufua nguo. Nilipoona kidonge kimeshapata muda wa kuyeyuka, nikaufunga tena kama Nadine alivyoufunga.

Najua ni upumbavu. Siku ile niliona ni akili.

Leo tuliitwa kwenda kuona picha. Sikudhani ndani yangu kuna rangi ya waridi namna ile. Daktari akasimamisha picha moja, akaonyesha kidonda kidogo, kisha kingine, kisha vitatu pamoja. Baada ya hapo kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

"Hapa mukanda haukupokea kitu," akasema. "Saa nzima na zaidi. Sijui kama kuna vidonda vingine."

Mume wangu akadakia. "Ule mukanda haukufungwa vizuri. Mi niliona."

Daktari akamgeukia Nadine. "We uliufunga namna gani?"

"Niliufunga vizuri, dogiteri." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa ananitazama mimi, si daktari, na nikahisi anajua. Mume wangu akaendelea kusema kuhusu waya na betri, na kila neno lilikuwa linamwangukia yule binti.

"Ni mi niliutoa," nikasema.



Daktari hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Mama, unatumia dawa gani ya maumivu?"

Nikamgeukia mume wangu. "We ndiye umemwambia?"

"Hakuna mutu ameniambia," daktari akasema. "Vidonda vya hivi, mara nyingi ni dawa hizo zinavileta."

Nilikuwa nimejifunua mwenyewe.

Akasema niache vidonge kabisa, atanipa njia nyingine ya kutunza mgongo, na baada ya majuma machache tutapima damu. Isipopanda, nitameza kamera ya pili. Nilipotoka nikamwomba Nadine msamaha. Akasema, "Si kitu, mama," kwa namna ya mtu anayesema ni kitu.

Tulipofika mlangoni kwetu, mume wangu akasimama.

"Mama Diane, siku zote hizi unaficha sakoshi. Mi nilizani una mwanaume."



"Simu yako nimeifungua mara mbili," akasema. "Sikupata kitu."

Kumbe nilikuwa sahihi kwamba ananichunguza. Nilikosea tu mahali. Nilikuwa nalinda tumbo, yeye alikuwa anasoma ujumbe wangu. Amesema mara mbili. Kwa nini nisidhani ni mara kumi? Na yeye kwa nini aniamini mimi, niliyemwahidi mbele ya dada yake? Hasira ninayo, lakini kila nikitaka kuitoa nakumbuka alivyokuwa anasogeza simu kwenye taa ile. Nimemuuliza tena kuhusu hilo. Amesema alikuwa anaogopa ni kansa, na alitaka awe wa kwanza kujua ili mimi nisikie kutoka kwake.

Huenda ni kweli.

Nimetoa vidonge vyote, vya chini ya godoro na vya ndani ya mfuko wa mchele, nikaviweka mezani mbele yake. Akavitazama.

"Ndiyo zote?"

"Ndiyo."

Si kweli. Kuna pakiti moja kwenye droo yangu, ofisini Kigobe. Mgongo unauma hata sasa. Nimeiandika hapa ili kesho asubuhi, nikifungua droo ile, nisijifanye nimesahau.