Njiti Ndani ya Feni Yako

Baraka, fundi wangu,

Tangu tukuzike sikai mahali pamoja. Nafungua kibanda chetu hapa Kyebando, nafunga, nafungua tena. Majirani wanadhani nina kazi nyingi. Ningekuwa nazo!

Wiki iliyopita mkeo, Mama Neema, aliniletea laptopu yako. Neema anaandikia utafiti wake wa chuo humo, na sasa inapata moto na kujizima ovyo. Feni bado inalia ile tiki-tiki-tiki yake. Siku nne nimeizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mikono yangu unaijua, bwana. Polisi mstaafu aliyeanza ufundi na mvi kichwani! Nikiharibu, kazi ya binti yako imekwenda.

Unakumbuka uliponipa niisafishe? "Afande, kamata feni kwanza, halafu ndiyo upulize." Wewe ulikuwa ukizuia mapanga yake yasizunguke kwa kijiti cha meno. Mimi mjuaji nikachomeka njiti ya kibiriti, wala sikutazama kama ilitoka nzima. Siku hiyohiyo kelele ikaanza. Kila ukiiwasha: "Unasikia hiyo, Afande?" Nami: "Feni imezeeka, mwalimu. Itafutie nyingine sokoni Owino." Ulicheka hadi kofia ikaanguka. Miezi saba ukafanya kazi na kelele ile, hukugusa skrubu hata moja.

Leo asubuhi nimeifungua. Banange! Kipande cha njiti, kichwa chekundu bado kipo, kimejibana pembeni mwa feni, vumbi limejijengea kiota juu yake. Njiti yangu. Kumbe ulijua. Ulikuwa unaningoja niisikie mwenyewe. Nawe mkaidi, bwana. Ungenitukana tu tukanywa chai yaishe!

Nimeitoa, nimezuia feni kwa kijiti cha meno, nimesafisha, nimefunga. Mama Neema alipoiwasha akainamisha sikio. "Mbona kimya? Imekufa?" Nikamwambia hapana, sasa ndiyo inapumua. Akakaa nayo mapajani, haandiki kitu. Kisha akampelekea Neema. Anaitumia tangu mchana, haijazimika.

Asiyetulia ni mimi, kwa ukimya huu wa feni. Ile njiti nimeibandika mezani, mbele ya macho yangu. Sitafunga tena mashine ya mtu kabla sijaona kwamba kila nilichoingiza kimetoka. Na nikiulizwa, sitasingizia uzee wa feni.

Lala, fundi wangu. Na lile swali lako: ndiyo, naisikia.

Afande wako