Kwa Mjomba Shabani, Aliyekataa Kuvua Bila Shahidi

Mjomba,

Nadai jambo moja, nami nitalitetea hadi mwisho wa barua hii: mgonjwa mwenye virusi vinavyoambukiza kwa njia ya hewa ana haki ya kupasuliwa kwa wakati kama mgonjwa mwingine yeyote, na wewe uliyemlaza usingizi mgonjwa wa namna hiyo hukuwa mzembe wala mtafuta sifa. Najua ungesema, "Wakili asiye na mteja ameanza tena." Safari hii mteja ninaye. Ni wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Nimehitimu shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Mama alipiga vigelegele ukumbini hadi msoma majina akanyamaza kumsubiri. Sasa nafanya kazi katika kitengo cha kudhibiti maambukizi cha hospitali moja hapa Toronto. Bado tunakaa Rexdale, ghorofa ile ile, na kiti chako cha dirishani hakuna anayekikalia, isipokuwa mimi ninapotaka kubishana nawe.

Yanayofuata unayajua. Nayasimulia kwa sababu barua hii haitasomwa na wewe peke yako.

Mwaka ule wa SARS, homa kali ya mapafu iliyoutikisa mji huu, mwanamke mmoja aliyekuwa na ugonjwa huo alipasuka utumbo. Wapo waliotaka asubiri mapafu yapone kwanza. Wewe, daktari wa usingizi, ulisema tumbo litamuua huku tukisubiri mapafu. Ukaingia chumba cha upasuaji. Mgonjwa alivalishwa barakoa njiani, mlango ukafungwa, wakabaki waliohitajika tu, na baada ya upasuaji akaamkia mle mle badala ya kupitishwa katikati ya wagonjwa wengine. Alipona. Katika wote mliokuwa mle ndani, hakuna aliyeugua.

Karantini yako ilipokwisha, ukiwa mzima kabisa, tulikwenda wote kwenye hafla ya jumuiya yetu, Don Mills. Ulimpa mkono Katibu wa jumuiya. Yeye akautia wake mfukoni.

"Dokta, sisi tuna watoto."

"Basi nikupungie, Katibu," ukacheka.

Lakini baadaye alishika kipaza sauti, akasema wapo watu wanaotafuta sifa kwa roho za wenzao. Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Mama aliacha pilau yake sahanini. Wakati wa kurudi ulisema tu, "Mwache, mjomba, ameogopa." Sikukubali siku ile. Wewe hukukanyaga tena ukumbi ule.

Jumapili iliyofuata ndipo uliponifundisha kwa unga. Ulinivalisha sweta jeusi, aproni na glavu za kuoshea vyombo, ukanipaka unga mikononi na kifuani, kisha ukaniambia nivue. Nilivua kwa mbwembwe. Ukanisimamisha mbele ya kioo: unga shavuni, unga puani, unga hata kwenye kope.

"Umeshaambukizwa, mjomba. Tukuandalie khitma?"

"Shabani!" Mama alipiga kelele. "Huo ni unga wa chapati za wageni!"

"Dada, wageni watakula mkate."

Ukanieleza kwamba anayevaa mavazi ya kinga huwa makini kwa sababu anaogopa, ila anayevua ameshamaliza kazi: amechoka, amefurahi, na mkono unakwenda usoni wenyewe. Kwa hiyo asivue mtu bila mwingine wa kumtazama na kumtajia kila hatua kwa sauti. Huyo mtazamaji ulimwita shahidi.

Mjomba, unga nimeupeleka hospitalini! Mpasuaji mmoja, bingwa mwenye ndevu nyeusi tii, aliniambia, "Kijana, nilikuwa navua magauni haya kabla hujazaliwa." Nikamjibu, "Vizuri, Daktari. Tuulize kioo." Kioo kilimwonyesha mzee wa ndevu nyeupe. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaomba kurudia.

Majira haya ya baridi aliletwa kijana mwenye mafua makali ya virusi, kidole tumbo kimepasuka. Hakuna aliyependekeza asubiri. Alipasuliwa siku ile ile, kwa utaratibu ule ule wako, na mimi nilikuwa shahidi mlangoni. Bingwa wetu alimaliza kazi akiwa na furaha, na nikauona mkono wake, glavu yenye damu, ukipanda kuelekea puani.

"Daktari, mikono!"

Ukasimama hewani. Tukaanza, hatua kwa hatua: glavu, gauni, kunawa; akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake, ndipo barakoa ikafuata. Chumba kikaachwa hewa ibadilike kabla ya wasafishaji kuingia. Kijana ameshakwenda nyumbani kwa miguu yake. Katika sisi hakuna aliyekohoa. Utaratibu huo sasa ni wa vyumba vyote vya upasuaji hapa kwetu, na muuguzi wa Kifilipino asiyejua neno jingine la Kiswahili hagusi gauni lake kabla ya kuuliza, "Shahidi?"

Neno lako, Mjomba. Nililia chooni kama mtoto. Nilitaka... basi tu, nilitaka ulisikie.

Watasema visa viwili havithibitishi kitu. Ni kweli, na ningesema hivyo hivyo. Ila sidai kwamba hatari haikuwepo. Nadai kwamba hatari ina njia zake, kwamba njia hizo zinafungika, na kwamba wewe ulizifunga kabla ya kuingia. Mzembe hafanyi hivyo.

Moyo ulipokuangusha miaka michache baadaye, Katibu alikusifu msibani. Akasema ulikuwa mtu wa watu. Ile kauli hakuifuta.

Pumzika, Mjomba wangu. Naahidi kwamba mahali nilipo, hakuna atakayevua peke yake. Nakuasi kwa jambo moja tu: Katibu simwachi. Hofu yake nimemsamehe, kauli ya jukwaani bado. Nimeomba nafasi ya kuzungumza kwenye hafla ya jumuiya, na nitakachosoma ni barua hii hii.

Bwana Katibu, umekaa mbele yangu, na ukumbi ni ule ule. Waambie waliokusikia siku ile: Dokta Shabani alikuwa mzembe, mtu wa kutafuta sifa kwa roho za wenzao? Sasa nashuka nikunyooshee mkono. Ni mkono wa mpwa wake. Sitaushusha mpaka unijibu, na unijibu kwa kipaza sauti.