Marubani Wazee na Lori la Wafula

Doha, siku ya Ijumaa

Mama mpendwa,

Mulembe. Goti laendeleaje? Natumaini Nekesa anakutekea maji, maana namjua dada yangu, akishika simu huwezi kumweleza habari za ndoo. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku limekuja na hasira zake, tukisimama getini pale hotelini viatu vinachoma nyayo. Lakini nakula na kanisani naenda.

Barua hii anakuletea Rose, yule mwenzetu anayefanya usafi hotelini, amepata likizo. Ningepiga simu, ila hapa Al Rayyan tunalala sita chumba kimoja, na ninalotaka kukwambia siwezi kulisema watu wakinitazama.

Ni juu ya Wafula. Najua Baba Mdogo anangoja neno langu, kwa kuwa Baba hayupo na mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Ameomba mgomba uzikwe badala ya mwili, kama tufanyavyo mtu wetu akipotelea mbali, na kila mara nimemkatalia. Hata nilimjibu vibaya. Nilimwambia mdogo wangu alienda ng'ambo kuendesha malori, na kwamba hata kama walimvisha sare wakampeleka kwenye vita vya watu asiowajua, dereva hukaa nyuma. Lori si bunduki. Hilo ndilo nililolishikilia tangu simu yake ilipozimika.

Sasa nikueleze. Ijumaa iliyopita tulikuwa mapumziko, tumejazana sebuleni mbele ya televisheni. Rimoti alikuwa nayo Ssalongo, Mganda tunayemwita hivyo kwa sababu ana mapacha. Akapita kwenye makala ya marubani wa ndege za kivita, vita vya zamani, na Otieno wa Kisumu akapiga kelele, "Wacha hapo hapo, buda! Hizo ndege ni moto!"

Ilikuwa tamu, Mama, sikudanganyi. Wazee wenye mvi wakieleza ujana wao, wakitumia viganja kuonyesha jinsi ndege ya adui ilivyogeuka na wao wakaifuata. Tulichagua upande kama watu wa mpira. Ndege ikianguka, makofi, na mimi nikipiga. Mzee mmoja alikuwa na uso mpole kama wa katekista wetu, nikampenda kuliko wenzake.

Halafu msimulizi akasema ndege za adui zimekwisha, anga yote ni yao, na hapo ndipo vita vilipoamuliwa. Nikadhani makala imeisha. Kumbe kazi yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza. Walishuka chini kuwinda malori barabarani, kwa sababu bila malori jeshi halina chakula, halina risasi, halina mafuta. Yule mzee wangu mpole akasema hiyo ilikuwa kazi rahisi kuliko zote. Unapiga lori la kwanza, unapiga la mwisho, yaliyo katikati hayana pa kwenda. Wakaonyesha picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Barabara nyeupe, vitu vyeusi vimepangana, mlango wa kimoja ukafunguka na mtu akatoka mbio. Moshi ukafunika kila kitu. Mzee hakujisifu. Alisema tu kwamba hawakuwa na muda wa kurudi kutazama.

Otieno alikuwa bado anapiga makofi. Ssalongo akanigeukia.

"Simiyu, ssebo, huyu mdogo wako si ni wa lori?"

Akazima televisheni, na hakuna aliyelalamika.

Tangu siku hiyo najaribu kumweka Wafula mahali pengine. Nasema labda wamemteka, labda yuko hospitali, labda amepoteza simu. Hakai. Namwona akifungua ule mlango. Na siku hizi, Mama, hata rubani hahitajiki, wanatuma kindege kisicho na mtu kikamfuata dereva mmoja. Naogopa, na nimechoka kujifanya siogopi.

Nilimwendea meneja kuomba ruhusa nije nisimame nanyi. Akataka cheti cha kifo. Nikamwambia mwili haujaonekana, cheti nitakitoa wapi? Akasema bila karatasi hakuna likizo, khalas, yamekwisha, nirudi getini. Nikarudi.

Basi sitakuja. Mwambie Baba Mdogo nimekubali, na anisamehe yale maneno. Najua wewe bado unalala bila kufunga komeo, ukimngoja. Sikukatazi, lakini sina tena la kukutia moyo, na sitaki kukudanganya.

Nina ombi moja tu. Wakienda shambani wasikate mgomba uliozaa. Wachague mchanga, ambao haujatoa hata mkungu mmoja, maana Wafula hakuacha mtoto.

Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, wala asisomewe habari za ndege. Msalimie Baba Mdogo na mkewe, na yule mwalimu wa kwaya aliyemfundisha Wafula kupiga ngoma. Siku hiyo kama ataweza, apige yeye. Nekesa asimame karibu nawe, akushike mkono ule ambao ningeushika mimi.

Ni mimi, mtoto wa kiume uliyebaki naye,

Simiyu