Kompyuta Imewaka Haraka, Fundi Kaitwa Mwizi

Mpendwa Bi Mastura, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nimefanya jambo jema likazaa balaa, na usingizi sina. Mimi ni mke wa mtu hapa Usagara, naishi kwa baba mkwe wangu, Mzee Esmailji, mwenye duka la kuchapa barua na kadi za harusi, na mwaka jana, kwa vile siku hizi kila kitu ruhusa kuingia nchini, akaleta kompyuta kutoka Dubai, lakini mzee huyu aliishi miaka ya foleni ya sabuni, kitu kipya kwake hakivuliwi nailoni, kwa hiyo kioo kimebaki na nailoni yake mwaka mzima, na kifundo cha mwanga kakirudisha chini kabisa ili mwanga usiishe, nami nachapa kwa kupapasa, mpaka bwana harusi mmoja wa Muheza kadi zake zikatoka Khadija anamuoa Khadija.

Tena kila mgeni akija kutoka Dar lazima aache zawadi ndani ya kompyuta, huyu saa, huyu mchezo wa karata, shemeji Huzefa samaki wa kuogelea kwenye kioo, na zote zimewekwa zifunguke zenyewe mara tu unapowasha, na kuziondoa ni kumdharau mgeni, basi ukiwasha unakwenda kupika chai, unainywa, unaosha vikombe, ndipo inaamka.

Ijumaa moja mzee yuko msikitini nikashindwa kuvumilia, nikabandua nailoni, nikazungusha kifundo, nikaingia kwenye setingi zilizomo humohumo, nikakuza herufi, nikazizuia zile zawadi zisifunguke mpaka ziitwe, sikufuta hata moja, wallahi, na nilipoizima na kuiwasha tena ikawa tayari kabla sijakaa vizuri, nikacheka peke yangu.

Mzee aliporudi akaiwasha, akaruka. "Mbona imekuwa nyepesi hivi? Vyuma vya ndani vimepungua!" Akakumbuka kuwa fundi Rahimu wa Makorora alikuja Alhamisi jioni kufuta vumbi la ndani, akasema ndiye kabandua nailoni na kuvichomoa, nami nikanyamaza, na sasa wiki ya tatu mtaa mzima unamwita mwizi, hakuna anayempa hata redio atengeneze. Nikisema kweli nitaondolewa kwenye kompyuta, na kazi ile naipenda mno. Nifanyeje?
Insiya, Usagara

Marahaba, Insiya mwanangu. Pole kwa macho yako, na pole kwa Khadija wawili wa Muheza.

Mkweo nimemsikia. Mwanga wa kioo si mafuta ya taa ya kuwekewa akiba, na samaki wa Huzefa hawatakufa wakikaa kusubiri kuitwa. Ulichoifanyia kompyuta sina neno, hongera. Lakini ulichofanya mzee alipopiga kelele ni uoga, mama, uoga mtupu, na anayeulipia ni mtu mwingine. Wiki tatu! Hivi chakula kinapitaje kooni?

Leo hii mwite mkweo, na mumeo awepo. Usianze kumsomesha. Sema, "Baba, ni mimi." Kisha irudishe kompyuta ilivyokuwa, mbele ya macho yake, aione inavyojikokota, halafu ibadilishe tena aione inavyowahi kuwaka, ndipo ataelewa hakuna chuma kilichotoka. Nailoni kama anaililia, mkunjie aiweke kabatini. Akikuondoa kwenye kompyuta, ondoka bila ubishi. Atakuita mwenyewe wateja wa kadi wakijaa mlangoni.

Baada ya hapo nendeni Makorora, wewe na mkweo, mkamwombe Rahimu radhi, mchana, majirani wakisikia. Msimtume mtu.

Nisingekuwa mkali hivi, ila Rahimu naye ameniandikia, barua yake imeitangulia yako kwa siku mbili. Nilidhani nitakuta matusi. Anauliza kama inawezekana fundi akaondoka na kitu cha watu bila kujijua, kwa sababu ameshaumwaga mkoba wake sakafuni mara tatu, mkewe akitazama, na bado anatafuta.