Mfalme wa Kunguru na Posa ya Pujini

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeshona suruali mbili za skuli, kanzu moja, sindano moja imevunjika. Alasiri Pujini, kufuata jawabu la posa. Hamad, mtoto pekee wa dada yangu Time, anamtaka Mwalimu Raya. Mshenga mimi, kwa kuwa ukoo mzima hauna mwengine mwenye mdomo mrefu na kazi ya kukaa. Mzee Omar, baba mtu, kasema bintiye ana sharti. Nikafikiri kabati, kitanda. Raya katoa kitabu. Karatasi za duka la fotokopi zimefungwa kwa springi, kurasa mia nne.
"Kisome, ami Faki. Ukimaliza uje unambie, mwanamme wa humu ungemwoza binti yako? Ndipo nami nitajibu."
Mzee Omar kaangalia dari. Miaka hamsini na mbili, napewa kazi ya nyumbani kama mtoto wa skuli.

Jumapili, 7 Septemba
Kurasa thelathini. Upuuzi mtupu. Dunia nyengine, miezi mitatu angani, jua hakuna. Jua hakuna lakini zabibu zipo. Mfalme anaitwa Azmiri, ana mbawa na huzuni. Vyumba mia tatu na hakuna anayefagia. Kamwiba msichana, Nirva, na siku ya pili msichana anasifu macho yake. Mimi nilimposa mke wangu mara tatu. Macho yangu hajayasifu hadi leo.

Jumanne, 9 Septemba
Azmiri hacheki. Anasema kwa sauti ya radi ya mbali. Nimeijaribu nyumbani, kuomba chai. Mke wangu kaniuliza kama nina mafua.
Habari zimeenea mtaani kwetu Madungu. Mteja kaja kuchukua kanzu yake: "Fundi, mfalme hajambo?" Mkono mmoja wa kanzu umetoka mfupi. Bahati mbaya, nadhani.

Jumatano, 10 Septemba
Ukurasa wa mia mbili. Sasa nimekasirika kweli. Mfalme katuma kunguru wamfuate Nirva kisimani, sokoni, kila pahala, kisha wamrejeshee habari. Kwa kumhofia, ati. Na yule mjinga analia kwa furaha kuwa anapendwa. Binti yangu simwozi. Hata mbuzi simpi.

Alhamisi, 11 Septemba
Hamad kaja dukani. Kijana mpole, hakai mpaka aambiwe. Kauliza jawabu lini. Nikamwambia bado kurasa mia, tukacheka. Kisha taratibu kanambia kuwa yule dereva wa bodaboda anayempeleka Raya skuli ni mtu wake. Humpigia simu kila siku: kashuka wapi, kasimama na nani.
"Si kwa ubaya, mjomba. Namhofia tu."
Nikaendelea kushona. Pindo nimelikunja upande wa nje.

Ijumaa, 12 Septemba
Sikusoma. Dada Time kapiga simu mara nne. Keshaazima masufuria.
Kazi ya mshenga ni kusifu. Mvivu ni mtulivu, bahili ni mwangalifu. Nimefunga ndoa tano kwa ulimi huu. Zimesimama mbili. Nikisema, dada yangu hatanisamehe. Nikinyamaza, Raya ataingia nyumba ile hajui. Mimi mwoga. Kulijua hilo sihitaji kitabu.

Jumamosi, 13 Septemba
Pujini, kitabu sijakimaliza. Raya kauliza hivyo hivyo. Nikasema hata mbuzi simpi. Kacheka mpaka kajifunika uso. Kumbe anampenda Azmiri, kamsoma mara tatu. Alitaka kujua tu kama nyumba itakayomchukua itamvumilia na vitabu vyake.
"Mmeniweza, ami. Hakuna mzee aliyenisomea hata ukurasa."
Ile "ndiyo" ilikuwa imeshamfika mdomoni. Ningekunywa chai nikaondoka nayo. Nikasema ya dereva. Yote.
Mzee Omar kaweka kikombe chini. Raya kanigeukia.
"Huyu wa kitabuni nikichoka namfunika, nakwenda zangu kupika. Hamad n'tamfunika na nini?"
Kisha kasema hilo ndilo jawabu, nilipeleke.

Jumatatu, 15 Septemba
Dada Time hapokei simu. Kamwambia mke wangu nimemuuza mwanawe kwa hadithi za majini. Posa ya sita, na ya kwanza kuivunja mwenyewe.
Kitabu nimekimaliza. Azmiri katubu kwa aya moja, kunguru wote wakageuka maua. Takataka mpaka mwisho.
Hamad kaja, hakukaa. Kauliza Raya kasemaje. Nikamwambia neno kwa neno. Kasema dereva keshamwachisha. Kama kweli, sijui.
Alasiri tulikutana safu moja msikitini, yeye kulia kwangu. Mwisho wa sala katoa salamu kulia, kisha kushoto, upande wangu, kwa sauti ndogo. Wengine wakainuka. Sisi tukabaki tumekaa.