Jina la Mama Halikufutwa

Mdogo wangu,

"Kompyuta iliyokufa ni takataka, na wewe kaka umekuwa jalala." Ndivyo ulivyoniandikia. Unakosea, na ushahidi uko mezani kwangu.

Kasha nimelipata kwa fundi redio, kibodi imetoka shule iliyofungwa, na madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, nimeing'oa kwenye mashine ya karani mstaafu. Diski ni ile ile yetu ya nyumbani; nilitaka tu kujua kama bado inazunguka. Wifi yako akanicheka: "Mzee mzima, unachezea vyuma!" Nikawasha. Ikakoroma, kisha ukatokea ule mchezo wa matofali yanayoanguka, pamoja na orodha ya washindi. Wa kwanza ni MAMA, alama 48,210.

Wiki tuliyomzika nilikutangazia mbele ya watu kwamba umeiharibu kompyuta ukalifuta jina lake, nawe hukukanyaga tena hapa. Hukufuta kitu. Madabodi ya zamani ndiyo iliyoungua, na mimi sikuwahi hata kuifungua mashine nitazame. Nimebishana na watu magazetini miaka ishirini. Katika hili nilikuwa mwongo.

Usinijibu kwa barua. Njoo ukae kwenye kibodi hii, ujaribu kumshinda Mama.

Kaka yako, yule mbishi